Mbuchi na Wageni Walioitazama Delta kutoka Juu

Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika matawi: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala, Bumba na mengine madogo ambayo majina yake wanayajua wanaoyapita. Kati ya matawi hayo kuna ardhi ya matope na mikoko, na ndani yake zimo kata za Wilaya ya Kibiti zinazoitwa kata za delta: Salale, Maparoni, Kiongoroni, Msala na Mbuchi. Msitu huu wa mikoko, wenye hekta zinazokaribia 53,000, hauna mwenzake kwa ukubwa katika Afrika Mashariki.

Mbuchi, kama vijiji jirani, huishi kwa mpunga, samaki, kamba na miti. Ratiba ya kazi hupangwa na maji. Wakati wa bamvua mtumbwi hupita mahali ambapo siku za maji mafu mtu angezama matopeni hadi magotini. Mgeni anayeingia mkondo mdogo maji yakiwa yamejaa, asipouliza, maji yakikupwa atakaa juu ya matope mpaka yarudi. Hili si fumbo. Mtoto wa Mbuchi anayevuka kwenda shule analijua. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja wenye meli, ndege na ramani wamekuja hapa bila kulijua, na wengi wamelipia.

Wajerumani waliiweka mikoko ya delta chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1898, miongoni mwa misitu ya mwanzo kudhibitiwa hivyo katika koloni lao. Walitaka boriti na magome. Magome ya mkoko yalitumika kusindika ngozi. Kituo cha msitu kikawekwa Salale. Tangu hapo watu wa delta wamekuwa wakiishi ndani ya msitu ambao, kwenye karatasi, si wao.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, delta ikapata mgeni mkubwa kuliko wote. Manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa mita 115 na mizinga kumi ya milimita 105, ilishambulia bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Baadhi ya mabaharia waliokufa siku hiyo walizikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Baada ya hapo Königsberg ikaingia Rufiji, kwa kuwa mitambo yake yenyewe ilikuwa imeharibika. Vipande vya mitambo vilikokotwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa vivyo hivyo.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, ikiwa karibu na Salale. Kuigundua hakukuwasaidia sana. Manowari zao zilihitaji kina kirefu cha maji, na mizinga yao haikuifikia. Tarehe 10 Novemba waliizamisha kwa makusudi meli ya Newbridge katika mkondo wa Suninga ili kuziba njia ya kutokea. Nahodha Max Looff akaipandisha meli yake juu zaidi mtoni, nyuma ya mikoko, na macho ya baharini yakaipoteza.

Ndipo akatafutwa mtu wa kutazama kutoka juu. Huko Durban alikuwapo rubani wa kiraia, H. Dennis Cutler, aliyekuwa akifanya maonyesho ya kuruka kwa boti lenye mabawa aina ya Curtiss. Jeshi la majini likampa cheo, likaipakia ndege yake katika meli ya Kinfauns Castle, na katikati ya Novemba 1914 akashushwa kwenye kisiwa cha Nyororo, kaskazini ya Mafia, ambacho ramani za wakati ule zilikiandika Niororo. Kisiwa chenyewe ni kidogo mno: mchanga, vichaka na miamba. Leo kimo katika hifadhi za bahari za Tanzania.

Matatizo ya Cutler yalianza mapema. Jua na joto viliishinda mitambo ya ndege. Rejeta ikavuja, ikabidi itafutwe nyingine Mombasa, na iliyopatikana ilikuwa ya gari la Ford. Safari ya kwanza aliruka bila dira, akaingia kwenye mawingu ya mvua, akapotea. Mafuta yalipomwishia alitua majini karibu na Okuza, kisiwa kingine kidogo, kusini kabisa ya alikotarajia kuwa. Wenzake walimtafuta kwa saa kadhaa mpaka wakampata, akiwa mzima. Safari iliyofuata aliiona Königsberg ndani ya delta, na baadaye akampakia nahodha wa Kinfauns Castle ili naye aone kwa macho yake.

Mapema Desemba injini ilimzimikia juu ya delta, akalazimika kutua mtoni. Askari wa Kijerumani walikuwa ukingoni. Waingereza waliingia kwa boti chini ya risasi wakaivuta ndege hadi baharini, lakini Cutler alikuwa ameshachukuliwa mateka, na vita vyake viliishia hapo.

Alichokipata Cutler kilikuwa kikubwa, na bado hakikutosha. Kutoka hewani meli ilionekana, lakini kina cha maji hakikuonekana. Mkondo gani unaingilika, kwa meli ya uzito gani, saa ngapi baada ya maji kuanza kujaa: hayo hayasomeki kutoka juu. Ilibidi mwindaji wa Afrika Kusini, Pieter Pretorius, atumwe kupita delta kimyakimya, akiongozwa na watu wa huku, akipima mikondo na majira ya maji. Kipimo kilitoka ndani ya mtumbwi, kwa upondo, kama ambavyo watu wa delta wamepima siku zote.

Mafia ilitekwa Januari 1915 na uwanja wa ndege ukatengenezwa huko. Mwezi Juni zikaletwa Severn na Mersey, meli za vita zenye kina kifupi, zilizoundwa kwanza kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilijaribu tarehe 6 Julai zikashindwa, zikarudi tarehe 11. Siku hiyo ndege iliyowaongoza wapiga mizinga, ikiwa na John Cull na Harwood Arnold, ilipigwa. Wakati ndege ikishuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho kwa redio mpaka walipoanguka mtoni. Wote wawili waliokolewa. Königsberg iliwaka, na Looff akaizamisha mwenyewe.

Hata hapo haikuisha. Mizinga iliopolewa, ikawekewa magurudumu Dar es Salaam, na kukokotwa na wapagazi wa Kiafrika katika vita vya nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus iliyozamishwa Zanzibar. Chuma cha meli kilikatwa na kuuzwa kikawa chakavu, na kilichobaki kikamezwa na matope.

Miaka ishirini na minne baadaye alikuja mgeni wa aina nyingine. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan huko Aden, Desemba 1938, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Walishuka na kaskazi kwa njia ya kale: Hadhramaut, Mogadishu, Lamu, Mombasa, Zanzibar. Kisha wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti. Villiers aliandika habari za safari hiyo katika kitabu Sons of Sindbad kilichotoka 1940, na delta aliieleza kuwa mahali pa mateso: mbu, joto, matope, kazi isiyoisha.

Alikuwa na haki ya kulalamika. Kupakia boriti ni kazi ngumu. Miti hukatwa ndani ya msitu, hubebwa mabegani hadi mkondoni, hupangwa kwa unene, boriti mbali, nguzo mbali, pau na fito mbali, huhesabiwa kwa korija, kisha husubiri maji. Lakini kile alichokiita mateso ndicho kilichoezeka miji. Kuwait, Bahrain na bandari nyingine za Ghuba hazikuwa na miti ya kujengea. Dari za nyumba zao za zamani zilishikiliwa na mikoko ya Rufiji na Lamu, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Bumu likirudi na kusi, sehemu ya delta ilikuwa inahamia Uarabuni. Biashara hiyo ilififia saruji na nondo zilipofika Ghuba, na katika miaka ya 1980 serikali ya Tanzania ikaufunga usafirishaji.

Mgeni wa tatu alikuja na ramani ya mabwawa. Mwaka 1997 serikali iliridhia mpango wa kampuni moja kufuga kamba katika delta, kwa mabwawa ya takribani hekta 10,000. Kwenye michoro, delta ilionekana tupu. Wanavijiji waligawanyika, wengi walipinga, na kwa msaada wa wanasheria wa mazingira wakaenda mahakamani. Mabwawa hayakuchimbwa.

Siku hizi delta hutazamwa kwa setilaiti. Picha huonyesha mahali mikoko ilipopungua, na mara nyingi kilichochukua nafasi yake ni mpunga. Picha hazidanganyi, ila hazisemi yote. Haziwaonyeshi watu wanaolala kwenye dungu wakiwinga ndege na nguruwe, wala kaa wanaokata miche, wala chumvi inayopanda miaka ambayo maji baridi ya mto yamepungua. Shamba likichoka mkulima huhama, na penye njia ya maji mkoko huweza kurudi. Kwa maofisa wa misitu huyo ni mvamizi wa hifadhi ya 1898. Kwa Mbuchi ni mtu anayelima alipolima babu yake. Ukweli unahitaji vipimo vya pande zote mbili, kwa sababu mikoko ikikatwa bila kiasi, kamba na samaki nao huondoka.

Na maji yenyewe yanabadilika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na sasa kiasi cha maji baridi na tope kinachofika delta hutegemea pia milango ya bwawa. Aprili 2024 mafuriko yaliharibu mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Mbuchi imepata daraja lililojengwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo wataalamu wenye ramani watafika kwa urahisi kuliko zamani. Wafikapo, inafaa waulizwe kipimo chao kilichukuliwa na nani, mkondo gani, na maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji miezi minane kupata majibu hayo, ingawa mtu yeyote wa delta mwenye upondo angeweza kuyatoa.