Hiba Yenye Jina: Mafundi wa Hiari wa Mchezo wa Doom

Katika mwaka 1981 kampuni ya Muse Software ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Castle Wolfenstein, uliotungwa na Silas Warner kwa ajili ya mashine ya Apple II, ambamo mchezaji hujaribu kutoroka katika ngome ya Wanazi. Na haikupita miaka mingi, wanafunzi wachache wa sekondari wa huko huko Marekani, ama kwa kuchoshwa na Wanazi ama kwa utundu tu wa ujana, wakauingilia mchezo ule ndani ya disketi yake, wakawaondoa askari na kuweka mahali pao Smurf, vile vibonzo vya rangi ya buluu vilivyokuwa vikivuma katika televisheni za wakati ule. Hawakuomba idhini ya mtu, wala hawakupata senti moja. Waandishi wa historia ya michezo hii aghalabu huanzia hapo, nami sina sababu ya kuwakhalifu, ingawa nionavyo jambo lenye uzito zaidi lilitokea miaka kumi na kitu baadaye, pale wenye mali wenyewe walipoamua kuuacha mlango wazi.

Msomaji ambaye hajapata kuisikia kazi hii pengine amekwisha kuiona bila kuitambua. Vijana wetu wa Tanzania na Kenya wanapocheza Bus Simulator Indonesia katika simu zao, na basi linalopita barabarani likawa na rangi na maandishi ya mabasi ya huku kwetu, lile basi halikutoka Indonesia: limechorwa na kijana mmoja asiye na mshahara wala mkataba, akaligawa kwa wenziwe. Huyo ndiye fundi wa hiari ninayemkusudia, na ukoo wake mrefu kupita wote, kwa kadiri ninavyofahamu mimi, ni wa mafundi wa Doom.

Doom ulitungwa na watu wachache wa kampuni ya id Software, ambao makao yao yalikuwa Mesquite, mji ulio jirani na Dallas katika jimbo la Texas. Mwaka 1992 walikuwa wametoa Wolfenstein 3D, nao wakastaajabu kuona kuwa kuna watu waliokesha wakiuchokonoa mchezo huo ili kubadili kuta zake, sauti zake na maadui wake, kazi ambayo ilikuwa ya mashaka matupu, kwa sababu kubadili chochote kulimaanisha kuiharibu faili ya asili. John Carmack, aliyekuwa bingwa wao wa kuandika programu, hakukasirika, alipendezwa. Akaujenga Doom kwa namna ya pekee: injini, yaani programu inayoendesha mchezo, akaiweka mbali, na picha, sauti, ramani na viumbe akavitia katika faili ya namna nyingine inayoitwa WAD, hata ikawa mtu yeyote aweza kuandika WAD yake ndogo, akaipandisha juu ya ile kubwa wakati wa kucheza, na akimaliza akaiondoa, mchezo ukabaki salama kama ulivyotoka kwa wenyewe. Baadhi ya wenziwe katika kampuni waliingiwa na hofu kwamba mali yao itawaponyoka mikononi; lakini John Romero alikuwa upande wa Carmack, na rai yao ndiyo iliyoshinda. Tarehe 10 Desemba 1993 sehemu ya kwanza ya mchezo, yenye ramani tisa, iliwekwa katika seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ili ichukuliwe bure, na umati uliokuwa ukiingoja ulikuwa mkubwa hata seva ikalemewa.

Mlango basi ulikuwa wazi, walakini hapakuwa na zana. Chombo walichokitumia id kuchorea ramani zao kilifanya kazi katika kompyuta za NeXT, mashine za ghali ambazo watu wa kawaida walizisikia tu. Ikawabidi wapenzi wa mchezo wajitafutie njia. Matt Fell akachunguza namna faili za WAD zilivyopangwa, akaandika maelezo marefu na kuyatoa kwa wote. Na mwezi wa Januari 1994, wakati mchezo haujatimiza hata miezi miwili, Brendon Wyber wa Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand akatoa programu ya kuchorea ramani iitwayo DEU, ambayo aliiendeleza pamoja na Raphaël Quinet wa Ubelgiji, watu wawili waliotenganishwa na nusu ya dunia na kuunganishwa na modemu. Mnamo Machi ya mwaka ule ule Jeffrey Bird akatoa ORIGWAD, inayohesabiwa kuwa WAD ya kwanza ya mtu wa nje. Ni ramani ndogo mno, ya kumalizwa na mchezaji kabla chai haijapoa, lakini baada yake ziliteremka nyingine kwa maelfu.

Kazi yenyewe yafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa wengi hudhani ni uchawi wa wataalamu. Fundi huchora ramani kama uchorwavyo mpango wa nyumba, kwa kutazama kutoka juu: huweka nukta, huunganisha nukta kwa mistari, na mistari ikikutana na kufunga eneo, eneo hilo hupewa kimo cha sakafu, kimo cha dari na kipimo cha mwanga kuanzia 0, ambacho ni giza, hadi 255. Mchezaji ana urefu wa vipimo 56, naye hawezi kupanda kidato kinachozidi vipimo 24, kwa hiyo fundi asiyehesabu vidato vyake atajenga ngazi isiyopandika. Mlango si mlango hasa: ni chumba kidogo ambacho dari yake imeteremshwa hadi sakafuni, na mstari wake umepewa namba ya kuamuru dari inyanyuke mtu aushikapo. Chumba juu ya chumba hakiwezekani katika injini ya asili, na ghorofa zote unazoziona mle ndani ni hila za macho. Fundi akisahau kuubandika ukuta picha yake, basi mahali pale pataonesha kivuli cha kila kilichopita mbele ya jicho, kimoja juu ya kingine, mithili ya nyumba iliyojaa vioo. Na hakuna mwanafunzi wa kazi hii ambaye hajakutana na kioja hicho usiku wa kwanza.

Na nini walichokijenga kwanza? Nyumba zao. Wengi wa wale wa 1994, walipotiwa mikononi uwezo wa kuumba ulimwengu wowote, waliumba sebule ya kwao, ukumbi wa shule yao, au ofisi ya mkuu wao wa kazi, kisha wakaijaza mashetani wa mchezo. Ada hiyo ilichekwa kwa miaka mingi kuwa ni alama ya uchanga, hata mwaka 2023 ikatoka kazi moja iitwayo MyHouse, ambayo yaanza kama nyumba ya kawaida ya mtu wa kawaida, na kumbe kadiri unavyotembea ndani yake vyumba vyageuka, milango yafungukia pasipostahili, na nyumba yakukana. Ilisifiwa hata na magazeti yasiyo ya mafundi hawa. Nami naiona kuwa ni miongoni mwa hadithi bora za kutisha zilizotungwa katika miaka hii, kwa kalamu au kwa chombo kingine.

Kazi hizo zilihitaji ghala, na ghala lenyewe ni hazina iitwayo idgames, ambayo tangu 1994 imehifadhi WAD za watu wa mataifa mengi. Hapo pana sharti moja ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa habari yote: haipokewi faili isiyofuatana na waraka. Waraka huo ni maandishi matupu yasiyo na picha, nao hufuata kigezo kile kile kwa kila mtu. Juu huandikwa jina la kazi, jina la mtungaji na anwani yake, kisha maelezo mafupi na shukrani kwa waliosaidia. Chini yake huelezwa kama mchezo ni wa mtu mmoja, wa kushirikiana au wa kushindana. Halafu kama ramani imejengwa upya au imetokana na kazi ya mwingine, ni zana gani zilitumika, ni kasoro gani zinazojulikana, na ni muda gani umetumika kujenga, swali ambalo wengi hulijibu kwa kusema tu kuwa ni mrefu kupita kiasi. Mwisho kabisa huja idhini: je, wengine waweza kuichukua kazi hii na kuijengea juu yake, au hawawezi? Watungaji wa tenzi wa pwani yetu walikuwa na ada ya kujitaja katika beti za mwisho na kumwomba msomaji aonapo kosa alisahihishe. Waraka wa WAD wafanya kazi hiyo hiyo, isipokuwa mafundi hawa wengi wao huomba kosa lisisahihishwe bila wao kuulizwa.

Wafanyabiashara hawakukawia. Mnamo 1995 zilienea madukani CD kama D!Zone ya kampuni ya WizardWorks, zilizobeba mamia ya ramani zilizozolewa mtandaoni, ilhali waliozichora hawakuulizwa wala hawakugawiwa. Na id wenyewe, walipotoa mkusanyo wa ramani uitwao Master Levels mwishoni mwa mwaka huo, walitia ndani ya CD ile fungu liitwalo Maximum Doom, lililokuwa ni zoazoa la namna ile ile. Jambo hili lilifika mahakamani kwa njia ya mchezo mwingine, Duke Nukem 3D, wakati kampuni ya Micro Star ilipokusanya ramani 300 za wachezaji na kuziuza kwa jina la Nuke It. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kuwa Micro Star wamevunja haki, lakini haki iliyotajwa ilikuwa ya wenye mchezo, kwa hoja kwamba ramani zile ni mwendelezo wa hadithi yao na kwamba ruhusa waliyowapa wachezaji ilikuwa ya kugawa bure tu. Waliozichora ramani 300 hawakuwa upande wowote wa kesi hiyo.

Kisa kilichouma zaidi kilikuwa cha nyumbani. Kundi lililojiita TeamTNT, la watu waliojuana kwa maandishi tu, lilitengeneza ramani 32 za Doom II, mchezo uliofuata ule wa kwanza, na kuahidi kuzitoa bure mwishoni mwa 1995. Na watu walipokuwa wamekwisha kukaa mkao wa kula, dakika ya mwisho, id wakatoa rai ya kuzinunua. Kundi likakubali, nazo zikauzwa mwaka 1996 katika Final Doom pamoja na ramani nyingine 32 za ndugu wawili, Dario na Milo Casali. Waliokuwa wakingoja wakapiga kelele kwamba wamesalitiwa. Mimi huwaonea huruma pande zote mbili, kwani kulipwa kwa kazi ya usiku mwingi si dhambi, lakini nafahamu vilevile kwa nini ahadi ya hiba ikigeuka biashara huacha ladha chungu. Dario Casali baadaye alikwenda kampuni ya Valve na kuwa miongoni mwa waliotengeneza mchezo wa Half-Life, na hakuwa fundi pekee aliyepata ajira kwa sababu ya ramani zake.

Desemba 1997 id waliutoa msimbo chanzo wa mchezo, na mwaka 1999 wakauweka chini ya leseni huru ya GPL. Kwa msimbo huo TeamTNT, wale wale waliolaumiwa, walitoa Boom, injini iliyoondoa mipaka mingi ya zamani, na wakaigawa bure. Randy Heit naye akatoa injini nyingine, ZDoom. Kiongozi wa TeamTNT, Ty Halderman, ndiye pia aliyeitunza hazina ya idgames kwa miaka mingi, akipokea faili, akizisoma nyaraka zake, akizirudisha zenye upungufu, bila ujira, hata alipofariki dunia mwaka 2015.

Maisha ya jamii hii kwa siku za kawaida hayana makeke. Mtu huonesha ramani yake, wenziwe huicheza na kumwambia mahali gani risasi hazitoshi na mahali gani mchezaji hunaswa asitoke, naye hurudi kurekebisha. Kuna miradi ya kuwapokea wanaoanza, kama RAMP ulioanza 2021, ambao haumkatai mtu kwa uchanga wake. Tangu 2004, kila ifikapo tarehe 10 Desemba, hutangazwa tuzo za mwaka ziitwazo Cacowards, tuzo zisizo na fedha, ambazo waandishi wake hutumia miezi kucheza na kuhakiki kazi za wengine. Mojawapo hupewa aliyechelewa kuliko wote kuimaliza kazi yake, nayo imeitwa kwa jina la Mordeth, mradi ambao ulitoa sehemu yake ya kwanza mwaka 1997 na wapenzi wake wakaingoja ya pili hadi wakazeeka. Nyingine, ya kumheshimu mtu kwa kazi za umri wake wote, imeitwa Espi, kwa kumkumbuka fundi wa Finland aliyefariki mwaka 2009.

Romero mwenyewe alirudi kundini. Mwaka 2019 alitoa Sigil, ramani tisa mpya ambazo yeyote aweza kuzichukua bure, na Machi 2022 akauza ramani moja, One Humanity, kwa yuro 5 ili mapato yaende kuwasaidia watu wa Ukraine.

Kisha Agosti 2024 mchezo ukatolewa tena na wenye milki yake kwa sura mpya, pamoja na sehemu ya nyongeza iliyojengwa kwa mikono ya watu ambao baadhi yao walilelewa na jamii hii hii, na pamoja na dirisha la kupakulia WAD ndani ya mchezo wenyewe, hata kwa wenye mashine za kuchezea sebuleni. Lilikuwa jambo la ukarimu. Lakini aliyeruhusiwa kupakia alikuwa mtu yeyote, na haikuchukua siku nyingi kazi za watu zikaonekana humo zimepakiwa na wasiozitunga. Hapakuwa na fedha ya kugombaniwa, kwa maana vyote vilikuwa bure kama vilivyokuwa siku zote. Mafundi walilalamika kwamba kazi zao zimepandishwa bila idhini, nyingine hazikutaja hata jina la mtungaji, na mchezaji aliyezifungua katika dirisha lile hakuwa na waraka wa kusoma.