Chui wa Mtu na Chui wa Mwitu: Maana za Jina na Kutoweka kwa Chui wa Unguja

Katika jamii ya paka wakubwa, hakuna aliyeenea kuliko chui. Hupatikana katika misitu minene ya Kongo, nyika za Serengeti, majabali ya kusini mwa Uarabuni, viunga vya Mumbai na hata theluji ya Mashariki ya Mbali ya Urusi. Mnyama aliyeenea hivyo hupewa maana nyingi. Waroma wa kale walimwita leopardus kwa kuamini kwamba alikuwa chotara wa simba na mnyama mwingine waliyemwita pardus. Imani hiyo ilikwisha, ila jina likabaki. Makala hii inadai kwamba maana ambazo watu huliwekea jina la mnyama zina uzito katika uhai wake, kwa sababu huamua nani atamtetea na nani atamwinda. Ushahidi wake ni chui wa Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar.

Unguja ilitengana na bara pale bahari ilipopanda mwishoni mwa enzi ya barafu. Chui waliobaki kisiwani wakawa wadogo wa umbo kuliko wenzao wa bara, na madoa yao yakawa madogo pia. Mwaka 1932 mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, Reginald Pocock, aliwapa jina la nususpishi, Panthera pardus adersi, kwa heshima ya Dkt. Aders, mwanasayansi wa serikali ya Zanzibar, ambaye jina lake limo pia katika jina la kitaalamu la paa nunga. Kisiwa hakikuwa na simba wala fisi. Mwindaji mkuu wa misitu yake alikuwa chui.

Vijijini, hata hivyo, jina chui lilibeba maana nyingine. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wameonyesha jinsi watu wengi wa Unguja walivyoamini kwamba wako chui wa mwitu na wako chui wa kufugwa. Huyu wa pili alisemekana kuwa mali ya mchawi aliyemlea, akamlisha na kumtuma kuwadhuru jirani na mifugo yao. Hapo mbuzi akiuawa, kilichotafutwa ni mwenye chui. Madhara ya mnyama mwenye njaa yakageuka ugomvi baina ya watu, na kumuua chui kukawa ni kumpokonya mchawi silaha yake. Miaka michache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza kampeni iliyounganisha mambo mawili, kuwafichua wachawi na kuwaua chui, na dola ikaiunga mkono.

Kuna hoja ya kupinga, nayo ni nzito: kwamba kilichommaliza chui ni ardhi. Watu waliongezeka, misitu ikafyekwa kwa mashamba na kuni, na paa aliowategemea wakawindwa. Ni kweli, na mla nyama huhitaji eneo kubwa kuliko mla majani. Lakini hoja hiyo haitoshi peke yake. Kima punju na paa nunga walikumbwa na ufyekaji uleule wa misitu, na bado wapo, japo wako hatarini. Tena chui ni hodari wa kuishi kando ya watu. Mpaka leo wamo katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mlangoni mwa jiji kubwa. Uhaba wa msitu ulimsukuma chui wa Unguja kwenye zizi la mbuzi. Imani ndiyo iliyotoa hukumu alipofika pale.

Wanasayansi nao wana sehemu yao katika suala la jina. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 1996 ulipendekeza chui wote wa Afrika wahesabiwe kuwa nususpishi moja, na mapitio ya wataalamu wa paka wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya mwaka 2017 yakafuata mkondo huo. Jina adersi likamezwa. Sina ugomvi na ushahidi wa vinasaba. Ninachopinga ni mantiki inayoweza kufuatia: kwamba chui wakiwapo bara, kupotea kwao Unguja ni jambo dogo. Msitu wa Jozani wa Unguja haupati faida yoyote kwa chui aliye Ruaha, bara. Kamera zilizotegwa Jozani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikunasa chui hata mmoja, na picha za video zilizotangazwa mwaka 2018 kuwa ni za chui wa Unguja hazijafuatiwa na ushahidi wa kutosha kwamba bado yupo.

Funzo la Unguja linahusu bara zima. IUCN imemweka chui katika orodha ya spishi zilizo hatarini, na kila anapoishi karibu na mifugo kuna masimulizi yanayomhusu. Mhifadhi anayeyadharau masimulizi hayo kama ushirikina hujifungia mlango wa kuelewa kwa nini sumu imewekwa kwenye mzoga. Anayeyasikiliza anaweza kuzungumza na wazee, waganga, walimu na viongozi wa dini kuhusu namna ya kuitenganisha hasira dhidi ya jirani na hatima ya mnyama.

Kwa hiyo natoa wito kwa idara za wanyamapori na vyuo vyetu: kabla ya kutega kamera na kuhesabu nyayo, dodoso la kila utafiti wa chui liulize wenyeji chui huyo wanamhesabu kuwa ni wa nani. Palipo na jibu kwamba ni wa mtu, ulinzi wa sheria pekee hautamwokoa.