Mraba Mmoja, Sura Nane

Kariakoo, kwenye maduka ya vitabu vya dini, bado utakuta vijitabu vya Kiarabu vya falaki vyenye mraba wa visanduku tisa. Juu 4, 9, 2. Katikati 3, 5, 7. Chini 8, 1, 6. Jumlisha kwa mlalo, kwa wima au pembe kwa pembe, jibu ni 15. Mara nyingi namba huandikwa kwa herufi za abjadi: ba ni 2, dali 4, wau 6, he 8. Herufi hizo nne za pembeni ndizo zinazounda neno “buduhu” la kwenye hirizi.

Zungusha mraba huo robo kwa robo, unapata sura nne. Zitazame kwenye kioo, zinakuwa nane. Kwa mwanahisabati zote ni kitu kimoja. Mfaransa Frénicle de Bessy, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1693, alipata miraba 880 ya visanduku 16. Ukihesabu kila sura, ni 7,040.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na hizo nane nazihitaji zote. Kuzitofautisha si kazi ngumu. Tazama 2 imekaa pembe ipi: hapo umejua mzunguko. Kisha zifuate pembe kama mshale wa saa unavyokwenda. Ukikutana na 6 kwanza, ni mkono uleule wa kijitabu cha Kariakoo. Ukikutana na 4, mraba umegeuzwa kama kwenye kioo.

Al-Ghazali (1058–1111) anautaja mraba huu katika kitabu cha maisha yake: uliandikwa kwenye vitambaa viwili, mama mwenye uchungu wa kuzaa akavitazama, kisha akavikanyaga. Wapo pia wanafalaki wanaogawa sura hizi kwa moto, upepo, maji na udongo, na kuchagua kwa nyota ya mtu. Kwao, kugeuza mraba ni kubadili dawa.

Kwa hiyo, orodha ya nyaraka inayosema tu “mraba wa tatu kwa tatu” imefuta uamuzi wa mwandishi. Hirizi mbili zenye sura moja hazithibitishi kwamba waandishi walikuwa na mwalimu mmoja, lakini zinatupa pa kuanzia kuuliza. Hirizi haina jina la aliyeiandika wala mwaka. Mahali alipoiweka 2 huenda ndiyo saini pekee aliyotuachia.