Bunduki bila kartushi ni fimbo: somo la Omdurman kwetu huku Beni na Butembo



Masasi yakilia usiku upande wa Oicha ao Mbau, asubuhi kila mtu anauliza: ni nani alipiga? Ni swali la haki. Lakini kuna swali la pili ambalo tunalisahau: zile kartushi zilitoka wapi? Bunduki moja inaweza kuishi miaka 50 na kupita mikononi mwa watu kumi. Kartushi inalia mara moja tu, kisha lazima itafutwe ingine. Huku kwetu hatuna kiwanda hata kimoja cha kuzitengeneza, na bado hazikosekani. Historia iko na jambo la kutuambia hapo, na haiko mbali na sisi.

Tuanzie ku Ziwa Albert. Miaka ya 1880, Emin Pasha alikuwa gavana wa jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri. Vita ya Mahdi kule Sudani ilifunga njia ya mto Nile, na meli za Khartoum zikaacha kupanda. Askari wake walikuwa na bunduki za Remington, bunduki nzuri sana kwa wakati ule. Lakini Remington inakula kartushi yake yenyewe, ya shaba, iliyotoka kiwandani. Huwezi kuijaza baruti kwa mdomo wa bunduki kama gobori la wazee. Kartushi zikiisha, umebaki na chuma na mti.

Ndiyo maana Stanley alipotumwa kumwokoa mwaka wa 1887, mzigo mkubwa haukuwa chakula. Serikali ya Misri ilimpa bunduki 510 za Remington na kartushi 100.000. Alipita pori la Ituri, watu wakafa njiani kwa njaa na magonjwa, na alipokutana na Emin mwezi wa nne 1888, alikuwa na visanduku kama 30 tu vya kumpa. Mwaka uliofuata walishuka pamoja bonde la Semliki, wakapita chini ya Ruwenzori, wakaelekea pwani. Kumbe safari ile maarufu iliyopita mlangoni kwetu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, safari ya kupeleka masasi.

Sasa tuangalie upande wa pili, wale waliokuwa wamemfungia Emin njia. Watu wa Mahdi waliteka maelfu ya Remington walipoliangamiza jeshi la Hicks kule Shaykan, Novemba 1883. Tarehe 26 Januari 1885 wakaingia Khartoum, wakapata na karakana ya serikali pamoja na mashini zake. Mahdi alikufa mwaka ule ule, na Khalifa Abdullahi akatawala kutoka Omdurman. Bunduki alikuwa nazo. Shida yake ilikuwa ile ile ya Emin: nani atamuuzia kartushi? Hakuna. Basi wakaamua kuzijaza upya wenyewe.

Hapo matatizo yakaanza, na kila moja lilizaa lingine. Kwanza, maganda. Waliyaokota vitani na kuyatumia tena na tena. Lakini shaba inachoka: kila mlio unaipanua, mwishowe inapasuka ao inakwama ndani ya bunduki, na mpiganaji anabaki mikono mitupu mbele ya adui. Pili, fataki, kile kidude kidogo cha nyuma kinachowasha moto. Bila hiyo kartushi imekufa, na haitengenezwi na fundi wa kijijini. Tatu, baruti yenyewe.

Juu ya baruti, niseme kidogo kama mtu wa kilimo. Baruti ya zamani inahitaji shura, yaani nitrati ya potasiamu, chumvi ile ile ambayo sisi tunaijua kama mbolea. Karibu na Khartoum iliokotwa katika udongo wa majengo ya zamani na kusafishwa. Kati ya waliolazimishwa kazi hiyo alikuwa Charles Neufeld, mfanyabiashara Mjerumani aliyefungwa kule Omdurman toka 1887 hadi 1898, miguu ikiwa na minyororo. Mtu aliyefungwa minyororo hana sababu ya kumfanyia bwana wake kazi safi. Na shura chafu inatoa baruti dhaifu: moshi mwingi, nguvu kidogo.

Tarehe 2 Septemba 1898, kwenye uwanda wa Karari karibu na Omdurman, deni lililipwa. Masasi mengi ya Khalifa yalianguka kabla ya kufika. Upande wa Kitchener kulikuwa kartushi mpya za kiwandani, bunduki za Maxim na mizinga. Siku moja, zaidi ya watu 10.000 wa Khalifa walikufa. Upande wa pili hawakufika 50. Tuelewane vizuri: haikuwa baruti peke yake, na ushujaa haukukosekana. Lakini ushujaa haujazi ganda tupu.

Ni kama mkulima anayerudisha shambani mbegu za mahindi chotara alizovuna mwenyewe. Mwaka wa pili mavuno yanashuka, wa tatu yanashuka zaidi. Aliyeshika chanzo njo aliyeshika shamba.

Wakoloni waliijua hesabu hiyo vizuri. Mkataba wa Bruxelles wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa na kartushi zake katika sehemu kubwa ya Afrika. Magobori na baruti ya kawaida viliweza kuruhusiwa, kwa kuchungwa. Na katika Kongo ya Léopold II, askari wa Force Publique walihesabiwa kartushi moja moja. Aliyepiga alipaswa kuonyesha kwamba hakuipoteza bure, na alama iliyoletwa mara nyingi ilikuwa mkono wa mtu uliokatwa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka wa 1904 iliyaeleza mbele ya dunia. Walizichunga kartushi kuliko walivyochunga watu.

Turudi kwetu. Katika majadiliano ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia, hesabu inayotajwa ni ya bunduki: ngapi zimeletwa, ngapi zimebaki. Lakini ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeonyesha mara nyingi kwamba masasi ya makundi ya huku yanatoka ku depo za jeshi, ku mapigano na kuvuka mipaka. Basi hakuna kikundi porini kinachoteseka kama Khalifa, kujaza maganda yaliyochoka. Kinapelekewa mpya. Mkataba wa Kinshasa wa tarehe 30 Aprili 2010, uliofanywa na nchi za Afrika ya Kati, unataja wazi silaha ndogo, masasi yake, na vipande vinavyotumika kuvitengeneza. Karatasi ipo.

Kila ganda linalookotwa kwenye mashamba ya kakao ya Beni liko, mara nyingi, na alama za kiwanda na mwaka chini yake. Kijana asiliguse ovyo, maana huwezi kujua kama karibu kuna lingine lisilolia. Awaite wenye kazi hiyo. Lakini viongozi tuwaulize tena na tena, kwa maneno ya kiraia: zile alama zinaandikwa wapi, na nani anazifuata hadi mlango zilipotokea? Wazazi wetu wanazika watu, na hawajajibiwa.