Nani Ana Haki ya Kufungua Boneti?

Fungua mlango wa dereva wa gari la mtumba lililotoka Japani, kisha angalia kwenye fremu. Mara nyingi utakuta kibandiko kidogo cha Kijapani chenye tarehe oili ilipobadilishwa na kilomita ambazo gari lilikuwa limetembea. Kwa wengi wetu, hiyo ndiyo rekodi ya mwisho ya karakana rasmi. Baada ya hapo gari linapanda meli, linashuka Mombasa, na maisha yake mengine tunayaandika sisi.

Mimi nina Vitz ya zamani na huifanyia savisi mwenyewe pale ploti. Keateka wetu alikuwa akija kusema, "Bosi, hapa si gereji." Siku hizi ananishikia tochi. Majirani wengine wanadhani ni ubahili, wengine wanadhani nimedanganywa na video za intaneti. Lakini tabia hii ni ya zamani kuliko intaneti, na ina historia hapa kwetu.

Rudi 1965. Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544. Hilo gari lilikuwa mtumba. Kampuni za Ulaya zilileta madereva wao, mafundi wao na spea zao. Akashinda mtu aliyelitayarisha gari lake mwenyewe. Alishinda tena 1974 na 1976, kwa hivyo usiseme ni bahati.

Miaka hiyo ya 1970 Kenya ilikuwa inajenga viwanda vya kuunganisha magari: Mombasa, Thika, Nairobi. Gari jipya lilikuja na wakala, na wakala alikuja na kitabu cha savisi. Kila baada ya kilomita kadhaa ulirudi kugongewa muhuri. Mfumo huo uliwafaa serikali, makampuni na wenye pesa. Ile Peugeot 504 iliyobeba abiria waliobanana kwenda Nakuru au Kisumu haikuwa na muda wa foleni. Ikizima, inaamshwa na fundi wa kando ya barabara.

Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaita watu kama hao "sekta isiyo rasmi". Sisi tuliwaita jua kali. Hebu yalinganishe hayo majina. La kwanza linakutaja kwa kile unachokosa, la pili linakutaja kwa mahali unapofanyia kazi.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mitumba ya Japani ikaanza kumiminika. Mengi ya magari hayo hayakuwahi kuuzwa hapa yakiwa mapya. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani, na redio yake ilishika stesheni mbili tatu tu, kwa sababu masafa ya FM ya kule si ya huku. Wakala hakuyauza, hivyo hakuwa na sababu kubwa ya kuyajua. Ujuzi ukahamia Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na kutoka huko ukaingia mitaani: spana namba 14 kwa nati ya kumwaga oili, filta mpya, lita tatu na kitu, basi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, ada iliposhinda nyumbani. Sina muhuri wowote. Ndiyo maana neno "rasmi" huwa halinitishi sana. Karakana moja kubwa iliwahi kuniambia nilipe 14,000 kwa kazi iliyonigharimu chini ya 5,000 na saa moja ya Jumamosi. Pesa ni muhimu, sikatai. Ila kubwa zaidi ni kwamba sasa najua gari langu linataka nini, na hakuna anayeweza kunitisha kwa jina la kifaa nisichokijua.

Hilo ndilo liko hatarini. Magari yanayoshuka Mombasa leo yana kompyuta nyingi, na bila mashine ya kusoma hitilafu huwezi kwenda mbali. Huko Massachusetts, Marekani, watu walipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha watengenezaji watoe taarifa za ukarabati. Wao walilazimika kuidai haki ambayo sisi tuliipata kwa sababu hakuna aliyejisumbua kutunyima. Haki ya namna hiyo haina karatasi. Ikichukuliwa, itachukuliwa kimya kimya, kwa taa ndogo ya njano kwenye dashibodi na sauti ya mtu mpole ikikwambia ulete gari kwao.

Kama una gari, anza na oili. Na ile chafu usiimwage kwenye mtaro. Huo mtaro unaishia mtoni.