Mizani na Hekalu Usukumani

Ukitafuta hekalu la Wahindu katika nchi ya dhahabu na almasi, usianzie machimboni Geita wala Mwadui. Anzia Mwanza mjini, Mtaa wa Temple, ambako mahekalu, misikiti na maduka ya zamani ya Wahindi vimepakana kama watu kwenye benchi la kusubiria treni.

Kilichowaleta Wahindi hapo kwa wingi ni pamba. Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, na kando yake maduka yakaota. Wenye maduka wengi asili yao ni Gujarat, na walilala nyuma ya duka au juu yake. Waliuza kaniki, chumvi, majembe na mafuta ya taa, kisha msimu ukifika wakanunua pamba ya Wasukuma na kuipeleka kwenye vinu vya kuchambulia, vingi vikiwa mali ya Wahindi wenzao. Mchimba dhahabu huhama mshipa ukikata. Mwenye kinu cha pamba hana budi kungoja msimu mwingine, na katika kungoja huko huoa, husomesha watoto, hutafuta mahali pa kuchomea maiti zake na pa kumwabudu Mungu wake.

Hata almasi ya Shinyanga ina mkono wa Mhindi wa Mwanza. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliipata Mwadui mwaka 1940, lakini mfuko wake ulikuwa mtupu. Aliyesimama naye kwa fedha na sheria alikuwa wakili I. C. Chopra, ambaye alipata hisa katika kampuni. Mwaka 1947 mgodi ulitoa jiwe la waridi la karati 54.5, likapelekwa London kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huohuo mgodi ukauzwa kwa De Beers na serikali ya Tanganyika. Habari za Williamson husimuliwa kila mahali. Chopra hutajwa kwa nadra, na mimi naona hajatendewa haki.

Mkulima wa Kwimba au Maswa, hata hivyo, hakuwa na habari na mawakili. Yeye alimjua Mhindi kwa mizani. Lalamiko lilikuwa moja Usukuma nzima: pamba inapungua uzito ikishafika dukani. Na dukani hapohapo ndipo palipokuwa na daftari la madeni, lililompatia mkulima jembe na nguo miezi ambayo shamba halijatoa kitu. Waswahili walishasema, Banyani mbaya, kiatu chake dawa, na Wasukuma waliuishi msemo huo kwa miaka mingi, wakinuna na kukopa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani aliwakusanya wakulima katika vyama vya kupima na kuuza pamba yao wenyewe. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, ambalo baadaye liliingia hata kwenye biashara ya vinu. Mizani ikahama mkono.

Kisha ikaja Geita, mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ilitaka baraza la wilaya lenye viti vya Waafrika, Wazungu na Wahindi pamoja. Watu wa Geita walikataa katakata. Umati ulifunga safari hadi Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, ukapiga kambi huko siku kadhaa, mpaka polisi wakautawanya kwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikudumu. Kwa maoni yangu, ugomvi wao mkubwa ulikuwa na serikali iliyogawa viti kwa rangi za watu bila kuwauliza, kuliko na muuza chumvi wa mtaani. Lakini muuza chumvi naye, nadhani, alilala na wasiwasi usiku ule.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, viliwaondoa wengi. Familia zilikwenda Uingereza, Kanada, nyingine India. Waliobaki ndio wanaompokea mgeni leo, na ukarimu wao ni wa majirani waliokwisha kugombana na kupatana.

Asubuhi niliyokwenda hekaluni, mzee mmoja aliyekaa mlangoni alinisalimu kabla sijavua viatu: "Mwangaluka!" Kisukuma chake kilikuwa laini kuliko changu. Alinionyesha pa kunawa, akanieleza kwamba kengele hupigwa ili kumjulisha mungu kwamba umefika, kisha akanitilia kiganjani prasadi, kitamu kilichokwisha kutolewa sadaka mbele ya sanamu. "Ipokee kwa mkono wa kulia, mwanangu."

Nilimuuliza habari za mizani. Hakukwepa.

"Wapo walioiba," alisema. "Na wapo waliokopesha, wakafa wanadai."

Aliposikia kwamba naelekea Geita alicheka, akanisimulia jinsi alivyokuwa akisota Kigongo na mzigo wa vitenge akisubiri kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lilifunguliwa Juni 2025. "Siku hizi," alisema, "nadai deni langu Geita na kurudi kabla ya sala ya jioni."