Thierry Michel na kesi ya Chebeya: filamu iliyokataa kusahau

Tarehe 2 Juni 2010, mwili wa Floribert Chebeya, kiongozi wa shirika La Voix des sans Voix, ulikutwa ndani ya gari lake pembeni ya mji wa Kinshasa. Siku iliyotangulia alikuwa ameitwa kwenye ofisi ya ukaguzi mkuu wa polisi. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakurudi tena nyumbani.

Polisi 8 walishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Ndani ya chumba kile kulikuwa na kamera ya Mbelgiji mmoja, Thierry Michel, mzaliwa wa Charleroi mwaka wa 1952. Hakuwa mgeni katika inchi yetu: mwaka wa 1992 alitoa filamu juu ya Zaïre iliyokuwa inaporomoka, na mwaka wa 1999 akatoa « Mobutu, roi du Zaïre ». Safari hii alifuata maswali ya mawakili, majibu ya washitakiwa na machozi ya wajane.

« L'Affaire Chebeya » ilitoka mwaka wa 2012. Mwezi wa Julai, Michel alipofika Kinshasa kuionyesha, alizuiliwa uwanjani na kurudishwa Ulaya. Mwaka wa 2015, filamu yake juu ya Daktari Mukwege ilikatazwa pia, kisha ikaruhusiwa wiki chache baadaye.

Filamu haina pingu wala haifungi mtu. Lakini inaweka maneno ya watu mahali ambapo hayafutwi. Mwaka wa 2020, mmoja wa polisi waliokuwa wametoroka, Christian Ngoy Kenga Kenga, alikamatwa Lubumbashi. Kesi ikafunguliwa upya, na Mei 2022 mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu adhabu ya kifo. Ilikuwa miaka 12 tangu mauaji. Mwili wa Bazana haujapatikana.

Mwaka wa 2021 Michel alitoa « L'Empire du silence », juu ya makosa makubwa yaliyofanyika inchini bila waliohusika kuhukumiwa.

Sisi wa Butembo na Beni tunaijua kimya hiyo. Tangu Oktoba 2014 tunazika watu, tunahesabu, kesho tunazika tena. Sauti ya radio inapita na upepo. Basi tuandike majina, tarehe na mahali, tutunze rekodi zetu. Siku hakimu atakapouliza, asikute mikono mitupu.